Uchambuzi wa kisa: pikapu iliyodhani Pemba kuna baridi ya nyuzi 5

Gari na mwenyewe

Kisa hiki ni cha Pemba, msimu wa karafuu. Jina la mwenye gari, kijiji chake na namba za gari nimeviacha kwa makusudi. Mwenyewe ameridhia kiandikwe kwa sharti hilo. Humu namwita Mzee, kama ninavyomwita gerejini.

Gari ni Toyota Hilux ya petroli ya miaka ya 90, silinda 4, EFI, yaani mafuta yanapigwa na nozeli na si kabureta. Ni katika zile zisizo na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na hilo lina uzito wake hapa. Gari yenye sensa hiyo hunusa moshi wake yenyewe na kujipunguzia mafuta yakizidi. Hii haina pua. Kompyuta yake ikiambiwa jambo huliamini, na humwaga mafuta kwa kadiri ilivyoambiwa.

Msimu ukiwaka hubeba mapolo ya karafuu kutoka mashambani hadi kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali la biashara la Zanzibar. Msimu ukipita ni matofali, mchanga, na mara mojamoja samaki kutoka dikoni, na maji yao ya chumvi yakichuruzika kila pahali.

Mzee alikuja akilalamikia moshi mweusi kila akikanyaga mafuta, harufu ya petroli hadi ndani ya gari, na kuwaka kwa shida pale gari inapozimwa ikiwa ya moto. Lakini lililomleta hasa ni matumizi. Zamani lita moja ilimfikisha kilomita 9. Sasa haivuki 5. "Nikibeba mapolo kumi, nauli ya manne ni ya sheli," alisema.

Kabla yangu alishapita gereji mbili. Plagi zilibadilishwa mara mbili, eya klina ikabadilishwa, nozeli zikaoshwa, mwisho ikaja pampu mpya ya mafuta. Kwa hesabu yake, aliyoiweka kwenye daftari la skuli la mjukuu, zilikwisha shilingi 460,000. Pampu peke yake aliisubiri siku 9 ivuke kutoka Unguja. Moshi haukupungua hata kidogo.

Neno alilolisema mlangoni

Sikufungua boneti kwanza. Nilimuuliza: ubaya wake ni saa ngapi, na uzuri wake ni saa ngapi?

"Asubuhi, mwanangu, haina neno. Inawaka mara moja, inaondoka vizuri. Ikishapata moto ndo vituko vinaanza."

Neno hili alishalisema kote alikopita, wala hakuna aliyelikalia. Na kwangu mimi kisa kizima kimo humo. Petroli haiungui ikiwa majimaji. Huungua ikishakuwa mvuke na kuchanganyika na hewa, kiasi cha kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hugandamana na kuta za manifoldi, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, na haifiki kwenye moto, kwa hiyo kompyuta huongeza kipimo ili kufidia. Injini ikipata joto, nyongeza ile huondolewa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sasa gari ambayo asubuhi ni njema na mchana ni moshi, inaelekea kwamba inapewa mchana kipimo cha asubuhi. Nozeli zinazovuja au presha iliyopanda kwa kawaida zingemsumbua tangu gari ikiwa baridi.

Nilishuku habari za joto zinazokwenda kwenye kompyuta. Lakini kushuku si kupima, na mimi nimewahi kumnunulisha mtu sensa ambayo haikuwa na kosa. Nikaamua nianze na yale ya kawaida.

Uchunguzi, hatua kwa hatua

Plagi zote nne zilitoka nyeusi tititi, masizi makavu yanayobaki kwenye kidole kama ya chungu cha kuni. Yangekuwa na utelezi ningewaza oili. Muhimu zaidi ni kwamba zote nne zilifanana. Nozeli moja ikivuja huchafua plagi yake tu, nyingine zikabaki safi. Hapa kosa lilikuwa la pamoja: presha ya mafuta, kipimo cha hewa, habari za joto, au kompyuta yenyewe. Kwa uchunguzi wa dakika kumi na tano, uoshaji wa nozeli ulionekana haukuwa na sababu.

Kijiti cha oili kilinisikitisha. Oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho, nyepesi, na ukiinusa ni petroli. Mafuta yasiyoungua yalikuwa yakiteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye karta, lile beseni la oili chini ya injini. Nilimwonya Mzee pale pale kwamba oili hii hailindi tena beringi. Uamuzi niliofanya baadaye kuhusu oili hii ndio unaonitia haya kisa kizima.

Gari hii hupima hewa kwa sensa ya MAP, inayosoma mvuto wa manifoldi kupitia kimpira chembamba. Kimpira kikipasuka, sensa hudhani injini imebebeshwa mzigo mzito na mafuta huongezwa. Nilikipitia kwa vidole na kwa tochi, kizima. Mpira wa regyuleta ya mafuta, kifaa kinachodhibiti presha yake, niliuvuta kuangalia kama una unyevu wa petroli, dalili kwamba kiwambo cha ndani kimetoboka. Mkavu. Eya klina ilikuwa mpya, ingawa kwa gari ya MAP eya klina chafu humaliza nguvu zaidi kuliko kuzidisha mafuta, kwani sensa inapima baada ya hewa kupita kwenye klina. Kwenye kabureta mambo ni mengine.

Geji ya presha sikuwa nayo. Nimeiazima gereji ya jirani. Injini ikiwa katika sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ilisoma PSI 33, na nilipouchomoa mpira wa regyuleta ikapanda 41. Kwa Toyota za aina hii hiyo ni presha ya kawaida. Pampu ya zamani, basi, huenda haikuwa na kosa lolote.

Ikabaki upande wa umeme. Gari ya umri huu haina pa kuchomeka mashine ya kisasa ya kupimia, lakini ina kiboksi kidogo chini ya boneti. Ukiunganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ya cheki injini husema kwa kukonyeza. Namba 22 ingekuwa ni sensa ya joto la maji. Ilikonyeza mfululizo bila kusita, yaani hakuna kosa lililohifadhiwa.

Hapa ndipo gereji iliyotangulia ilipofika ikageuka. Waliona hakuna namba, wakasema kompyuta iko sawa, wakahamia kwenye pampu.

Sensa nzima, waya muongo

Karibu na nyumba ya thamostati, valvu inayoongoza maji ya injini kwa kufuata joto, pana sensa mbili, na watu huzichanganya. Yenye waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi. Yenye nyaya mbili ndiyo inayozungumza na kompyuta. Kwa hiyo mshale unaweza kukaa pazuri huku kompyuta ikidanganywa, kwa sababu kila mmoja ana mmbea wake.

Niliiacha injini ikiunguruma uani mpaka ikapata moto vizuri, nikazima, nikaichomoa soketi ya nyaya mbili na kuweka mita kwenye miguu ya sensa: omu 340 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Sensa hizi hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 20 huwa kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 hushuka hadi 200 au 400. Mia tatu na arobaini kwa injini ya moto ni jibu safi. Kijana ninayemfundisha alishaanza kufunga vifaa. "Sensa nzima, fundi."

Sensa ni nzima, kweli. Lakini kompyuta haikai pale kwenye injini. Inakaa ndani, na kati yao pana waya na soketi ambavyo vimekuwa vikila chumvi kwa miaka. Nikairudisha soketi, nikaenda kupima upande wa kompyuta. Mita ikasema omu 4,640. Kijana akatikisa waya kule mbele kwa kidole kimoja, na tarakimu zikaruka: 2,900, halafu 7,000, zikatua tena kwenye elfu nne na kitu. Nilipowasha swichi na kupima volti, palipotakiwa kuwa na nusu volti palikuwa na 3.1.

Ukizigeuza omu 4,640 kuwa joto, unapata nyuzi 5 hivi. Kompyuta ya gari inayopakia karafuu Pemba, saa saba mchana, inaambiwa iko mahali ambapo watu wanavaa makoti na glavu! Ikawa inamwaga mafuta ya baridi hiyo kutwa nzima. Na haikuwasha taa, kwa sababu kompyuta ya aina hii hulalamika pale waya unapokatika kabisa au unapogusana. Nyuzi 5 ni joto linalowezekana. Uongo wenyewe ulikuwa wa kiasi, na ukapita.

Kabla ya kukata kitu nilitaka ushahidi wa mwisho, na hapa kuna hila ya bure kabisa. Injini ikiwa ya moto, niliichomoa soketi ya sensa nikaiacha inaning'inia. Taa ya cheki injini ikawaka, kwani sasa kompyuta imekosa habari kabisa, na ikikosa habari Toyota hizi hushika nyuzi 80 za kubuni ili gari iendelee kwenda. Injini ikatetemeka kidogo, ikatulia. Nikamwambia kijana akanyage mafuta. Moshi mweusi umekatika. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya jirani alisimama akaja nyuma ya gari, akainama kuangalia ekzosi, akauliza: "Umeiwekea nini?"

"Sijaiwekea kitu, Mzee. Nimeitoa."

Ukarabati wa kwanza

Nilipochuna ganda la waya nilikuta shaba imegeuka kijani na nyeusi kwa urefu wa vidole vitatu. Mwanzo wake ulikuwa tundu dogo kama la sindano. Kuna fundi aliwahi kutoboa waya ule kwa ncha ya testa kutafuta umeme, akaondoka. Tundu likabaki, na chumvi ikaingilia hapo. Pini moja ya soketi nayo ilikuwa na kutu ya kijani.

Nilikata mpaka kwenye shaba nyekundu inayong'aa, nikaunga waya mpya kwa risasi, nikavisha mpira wa kubana kwa joto, na soketi nikaitoa kwenye gari iliyokufa iliyoko uani kwangu. Kusokota na kuzungusha utepe kungemaliza kazi kwa dakika tano, lakini kwa hewa ya huku kungerudi msimu ujao. Upande wa kompyuta sasa ulisoma omu 350. Nilimtoza shilingi 25,000, plagi zake zile zile nikazisugua nikazirudisha.

Kisha likaja suala la oili. Nilimwambia ibadilishwe siku ile. Akaniomba nimsubiri: karafuu ziko juani kwenye majamvi, fedha itapatikana zikishapimwa. Nikakubali. Nilijiambia kwamba injini sasa inachoma vizuri, petroli iliyomo kwenye oili itajikausha yenyewe kwa joto.

Gari ilirudi

Baada ya siku kumi Mzee alikuja tena, safari hii bila ya hasira. Moshi haupo, inawaka vizuri ikiwa ya moto. Lakini alikuwa amejaza tangi sheli moja, pampu ile ile, hadi shingoni, akaenda, akajaza tena. Hesabu yake ilitoka kilomita 7.5 kwa lita. Ni afadhali kubwa kuliko 5, ila si 9.

Wengi tungemwambia gari ni nzee, shukuru. Nami nilikaribia kusema hivyo. Kilichonizuia ni mshale wa dashibodi: alipoingia uani akitoka safari ya nusu saa, ulikuwa chini mno.

Nilivuta nyaya mbili ndefu kutoka kwenye soketi hadi ndani, nikaweka mita juu ya mapaja, na Mzee akaendesha. Uani ilisoma volti 0.5, sawa na nyuzi 80 hivi. Tulipochanganya mwendo ikapanda 0.9, yaani joto limeshuka hadi nyuzi 60. Kwenye mteremko mrefu, mguu ukiwa juu, ikafika 1.1. Njia za Pemba ni vilima na mabonde. Injini ilikuwa haikai kwenye joto lake hata robo saa. Safari hii kompyuta haikudanganywa. Injini kweli ilikuwa baridi.

Nikafungua nyumba ya thamostati. Tupu.

Mzee akakumbuka. Miaka mingi nyuma gari ilichemka kupanda kilima, na fundi wa wakati huo akaing'oa thamostati akisema kifaa hiki ni cha nchi za baridi. Kauli hii nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na huko nyuma nimeisema mwenyewe. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke mpaka yafike joto linalotakiwa, iwe Pemba au kwenye barafu.

Lakini haikutosha kuirudisha tu. Thamostati siyo inayoichemsha gari. Kuna kilichoifanya ichemke, na kitu hicho kilikuwa bado kimo. Rejeta tuliitoa, tukaipitishia maji kwa nyuma, yakatoka rangi ya matofali. Nilimwambia Mzee wazi: nikiweka thamostati kwenye rejeta iliyoziba, nitakurudishia lile lililokupata siku ile. Rejeta ikapelekwa kufunguliwa na kusuguliwa mirija.

Thamostati ya nyuzi 82 iliagizwa Unguja, ikafika na boti siku ya tatu. Kabla ya kuifunga niliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni kwangu, na kipimajoto pembeni yake. Ilianza kufunguka karibu na 82, maji yalipochemka ilikuwa wazi kama milimita 8. (Sufuria hiyo sasa ni ya gereji. Sikupewa nafasi ya kujitetea.) Wakati wa kufunga, kile kivalvu kidogo cha kutolea hewa kilielekezwa juu, vinginevyo hewa hujikusanya nyuma yake na injini huchemka ikiwa na maji tele. Thamostati, gasketi na nauli ya boti vilifika shilingi 45,000.

Na oili tukaibadilisha pamoja na filta. Iliyotoka ilimiminika kama maji.

Matokeo

Njiani mita sasa hukaa kati ya volti 0.45 na 0.55, mlima au mteremko. Tulijaza tangi mara tatu kwa mtindo ule ule wa sheli moja na pampu moja: 8.8, 9.1 na 8.9. Plagi baada ya wiki tatu zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Gari haijachemka, ikiwemo siku iliyopanda na mapolo mpaka ya juu ya kibanda.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichookoa kazi ni kumuuliza mwenye gari *lini* kabla ya kuuliza *nini*. Moshi mweusi una sababu kumi. Moshi mweusi unaokuja gari ikishapata moto una sababu mbili au tatu. Na kwa kisiwa ambacho kila kipuri kinavuka bahari, mita ya umeme ni rahisi kuliko nauli ya kifurushi kimoja. Silaumu sana gereji zilizotangulia kwa kubadilisha plagi, maana plagi zilikuwa chafu kweli. Ila plagi chafu ilikuwa ni shahidi, wakaichukua kuwa ndiye mwizi. Pampu ndiyo siwezi kuitetea: hakuna aliyepima presha kabla ya kuiagiza.

La pili ni kupima upande wa kompyuta. Kama ningeishia kwenye sensa ningemwambia Mzee kwamba upande ule hauna kosa, na ningekuwa nimepima sawasawa na kukosea vile vile.

Makosa yangu ni mawili. Nilipima joto gari ikiwa imesimama. Uani bila upepo hata injini isiyo na thamostati hufika nyuzi 80, na omu zile 340 zikanituliza. Mshale wa dashibodi niliudharau kwa kuwa hauzungumzi na kompyuta, nikasahau kwamba nao una habari zake mwenyewe. Safari ya dakika ishirini siku ya kwanza ingeyaonyesha yote mawili kwa pamoja.

Kosa la oili ni baya zaidi kwa sababu nililijua. Petroli iliyomo kwenye oili haipotei hivi hivi. Hufuka na kuvutwa na bomba la kupumulia hadi kwenye manifoldi, ikaungua kama mafuta ya nyongeza ambayo kompyuta haikuyatoa. Kwa hiyo ile 7.5 ilikuwa imechanganya mambo mawili, thamostati isiyokuwepo na oili iliyolowa, na mpaka leo siwezi kusema kila moja lilichukua kiasi gani. Tena injini ilitembea siku kumi za kubeba mizigo juu ya oili isiyo na nguvu. Ningemkopesha lita nne zile. Anaishi karibu, na karafuu zake nilikuwa naziona barazani.

Pampu ya zamani Mzee ameihifadhi chini ya kiti, imefungwa kwenye mfuko. Gari bado hutoa moshi kidogo wa buluu sekunde chache asubuhi. Huo ni wa sili za valvu, ni kazi nyingine, na Mzee amesema ungoje msimu ujao.